Mchicha Ukigeuka Njano: Ujue Udongo wa Bustani Yako

Safu hii ni ya afya. Huenda utashangaa kuona leo nazungumza habari za udongo. Utajiuliza: je, huyu ni mganga au ni bwana shamba? Subiri kidogo, usome mpaka mwisho. Utaona kuwa damu ya mwilini mwako na udongo wa bustani yako vina uhusiano mkubwa.

Mimi ni mganga msaidizi wa kijijini. Baada ya kupata cheti changu nilipangiwa kazi katika kituo cha afya cha kijiji kimoja, upande wa mashariki ya kisiwa cha Unguja. Habari nitakayokusimulia ilinipata mimi mwenyewe. Kosa lililotokea lilikuwa langu. Naliandika hapa ili wewe usilirudie.

MAMA ALIYEKUJA NA JANI

Siku moja alikuja kituoni mama mjamzito. Mimba yake ilikuwa ya miezi minne. Alilalamika kuwa anachoka haraka, moyo unamwenda mbio, na akipanda ngazi anatweta. Nilimfunua ukope wa chini wa jicho. Ndani palikuwa peupe badala ya pekundu. Viganja vyake na ulimi wake pia vilikuwa vimepauka. Kipimo cha damu kilionyesha kuwa damu yake ni pungufu.

Nilimpa vidonge vya kuongeza damu. Nikamwambia pia: "Mama, panda mboga nyuma ya nyumba yako. Ule mchicha, matembele na majani ya kunde kila siku."

Mama yule alikuwa msikivu. Alilima tuta moja, akapanda mchicha na tungule. Baada ya wiki tano akarudi. Alifungua upindo wa kanga yake, akatoa jani la mchicha. Jani lilikuwa la njano, ila mishipa yake tu ndiyo ilikuwa ya kijani.

"Daktari," alisema, "uliniambia nipande mboga. Nimepanda. Basi tazama yaliyoota. Na huu mchicha nao una upungufu wa damu?"

Tulicheka sote. Hakujua, wala mimi sikujua, kuwa alikuwa amesema kweli.

Mimi nilikulia upande wa magharibi ya kisiwa, kwenye mikarafuu. Kule kwetu mjomba wangu alikuwa akitia jivu na chokaa kidogo katika konde yake ya mboga, na mboga zilistawi. Kwa hiyo nilimjibu haraka: "Tia chokaa, mama."

Mama akanunua chokaa, akaimwaga katika tuta. Siku ya tatu alikuja mbio kituoni amembeba mwanawe wa miaka minne. Mtoto alikuwa akilia, jicho moja limefumba. Alikuwa akichezea chokaa iliyobaki katika mfuko, kisha akajipangusa jicho.

Tulimwosha jicho kwa maji safi kwa zaidi ya nusu saa, kisha tukampeleka hospitali. Alhamdulillahi, jicho lilipona. Lakini mchicha wote ulikufa. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimetoa dawa bila ya kumpima mgonjwa.

BWANA SHAMBA NA CHUPA YA SIKI

Asubuhi nilimfuata bwana shamba. Alikuja mpaka bustanini na chupa ndogo ya siki. Alichukua udongo mkavu mahali ambapo chokaa haikufika, akaumwagia siki kidogo. Udongo ukatoa povu, ukalia "shshsh" kama soda iliyofunguliwa.

"Umesikia?" aliniuliza. "Udongo huu tayari una chokaa tele. Wewe umeuongeza chokaa. Ni kama kumpa chumvi mtu anayelia kiu."

Kisha akanifundisha yafuatayo. Nami nakufundisha wewe.

UCHACHU NA CHOKAA

Ndimu ni chachu. Siki ni chachu. Jivu na chokaa si chachu. Ni kinyume chake. Ukivichanganya viwili hivi, kimoja hupunguza nguvu ya kingine.

Udongo nao ni hivyo hivyo. Kuna udongo mchachu. Wataalamu husema udongo huo una asidi, au tindikali. Kuna udongo wa chokaa, ambao wataalamu husema una alkali. Na kuna udongo wa katikati.

Wataalamu hupima hali hii kwa kipimo kiitwacho pH. Kipimo hiki kilianzishwa mwaka 1909 na mtaalamu wa Denmark aitwaye Søren Sørensen. Kifikirie kama ngazi yenye namba kutoka 0 mpaka 14. Namba 7 ni katikati. Chini ya 7 ni uchachu. Juu ya 7 ni upande wa chokaa. Maji ya ndimu yako karibu na 2. Maji ya bahari yako karibu na 8.

Kumbuka jambo moja. Kila ukishuka namba moja, uchachu huzidi mara 10. Udongo wa namba 5 ni mchachu mara 10 kuliko udongo wa namba 6, na mara 100 kuliko udongo wa namba 7. Kwa hiyo tofauti ndogo ya namba si tofauti ndogo kwa mmea.

Mboga nyingi hupenda udongo wa kati ya namba 6 na 7. Hapo chakula kilichomo udongoni huyeyuka vizuri katika maji, na mizizi hukinywa.

KWA NINI MMEA HUKOSA CHAKULA WAKATI CHAKULA KIPO?

Madini ya chuma ni chakula cha mmea. Bila ya chuma jani haliwezi kufanya ukijani wake. Katika udongo wenye chokaa nyingi, chuma kimo, lakini kimefungwa. Hakiyeyuki katika maji. Mzizi hauwezi kukinywa. Ni kama chakula kilichofungiwa ndani ya kabati na ufunguo haupo. Ndiyo maana majani machanga hugeuka njano na mishipa hubaki kijani.

Katika udongo mchachu sana mambo ni mengine. Madini yaitwayo alumini huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Mizizi huwa mifupi na minene. Chakula kingine kiitwacho fosforasi hufungika. Kunde na maharage hushindwa kufanya vinundu vizuri katika mizizi yake. Mmea hudumaa hata ukiumwagilia kila siku.

Sasa tazama mwili wako. Mwili nao unahitaji chuma ili ufanye damu. Chuma kilichomo katika mboga za majani ni kigumu kuingia mwilini. Ukila mchicha na papo hapo ukanywa chai ya rangi, chai huzuia chuma kisiingie. Ukiukamulia mchicha ndimu, au ukila na chungwa, pera au embe, chuma huingia kwa wingi zaidi. Uchachu wa tunda na vitamini C iliyomo ndio ufunguo wa kabati.

Umeona basi? Mama yule na mchicha wake walikuwa na ugonjwa mmoja.

UDONGO WA UNGUJA SI MMOJA

Wazee wetu walijua zamani kuwa udongo wa Unguja si mmoja. Waliupa majina, na majina hayo yameingia hata katika vitabu vya wataalamu. Kuna kinongo, udongo mwekundu mzuri wa mikarafuu na michungwa. Kuna mchanga. Kuna kinamo, unaonata katika mabonde. Kuna maweni na uwanda, ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo mchache katika vishimo.

Upande wa magharibi na katikati ya kisiwa udongo una kina kirefu. Mvua za masika na za vuli zimeuosha kwa miaka mingi na kuondoa chokaa yake. Udongo kama huo, hasa wa mchanga, huelekea kuwa mchachu. Mbolea za chumvichumvi za urea na salfeti ya amonia, zikitiwa mwaka hadi mwaka, huzidisha uchachu huo.

Upande wa mashariki na kusini, huko Paje, Jambiani na Makunduchi, sehemu kubwa ya ardhi ni mawe ya matumbawe. Matumbawe ni mawe ya chokaa. Maji ya visima vingi vya pwani nayo yana chokaa na chumvi. Udongo wa huko hauhitaji chokaa hata konzi moja.

Na wewe unayekaa Mji Mkongwe, usijione umo nje ya habari hii. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Lipu ya zamani huanguka chini, mvua huiosha ukutani, na udongo wa uani hujaa chokaa. Kama pilipili yako ya kwenye debe ina majani ya njano, liondoe debe chini ya ukuta. Jaza udongo mpya wenye mboji.

Kwa hiyo dawa ya mjomba wangu ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya udongo wake. Haikuwa ya udongo wa mama yule.

PIMA KABLA YA KUTIBU

Unaweza kufanya vipimo vifuatavyo nyumbani.

1. Kipimo cha siki. Chukua udongo mkavu vijiko viwili, utie katika kikombe. Mimina siki kidogo. Ukitoa povu, una chokaa. Usitie chokaa wala jivu. Usipotoa povu, haina maana kuwa ni mchachu. Maana yake ni kuwa chokaa si nyingi. Endelea kuchunguza.

2. Kipimo cha choya. Chemsha maua makavu ya choya, upate maji mekundu. Yaache yapoe. Tia kidogo katika vikombe viwili. Kimoja kikamulie ndimu: kitabaki chekundu. Cha pili tia jivu: kitageuka rangi ya kijani au buluu. Watoto wa skuli hupenda sana kipimo hiki. Kinakuonyesha kwa macho tofauti ya uchachu na chokaa. Lakini hakitoshi kukupa namba ya udongo wako.

3. Tazama majani. Majani machanga ya juu yakiwa njano na mishipa kijani, fikiria chokaa nyingi. Majani makuukuu ya chini yakiwa njano yote sawasawa, mara nyingi ni njaa ya samadi, si uchachu.

4. Ng'oa mmea mmoja, uangalie mizizi. Mizizi mifupi, minene, isiyo na nywele, katika udongo usiotoa povu, ni dalili ya uchachu.

Kipimo cha kweli ni cha maabara. Chimba vishimo vitano au sita katika bustani, kina cha sentimita 15 hadi 20. Changanya udongo wa vishimo vyote katika ndoo safi. Anika kivulini. Tia katika mfuko, uandike jina lako na mahali ulipoutoa. Kizimbani ipo Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar. Muulize bwana shamba au bibi shamba wa shehia yako namna ya kuupeleka.

UDONGO UKIWA MCHACHU

Tia jivu la kuni lililopoa, konzi mbili kwa kila mita moja ya mraba, mara moja kwa mwaka. Au tia chokaa ya kilimo, konzi moja au mbili kwa eneo hilo hilo. Udongo wa mchanga hutosheka na kidogo. Udongo wa kinamo hutaka zaidi. Changanya vizuri na udongo, wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Usitie chokaa na samadi mbichi siku moja, maana nguvu ya samadi hupotea hewani. Usitie kila mwezi. Dawa ikizidi ni sumu.

Usitumie jivu la plastiki, mipira, betri au mbao zilizopakwa rangi. Lina sumu, na sumu hiyo utaila katika mboga.

Kama huna jivu wala chokaa, panda vinavyovumilia uchachu. Muhogo, viazi vitamu na nanasi havisumbuki sana. Na majani ya muhogo na matembele ni mboga nzuri.

UDONGO UKIWA WA CHOKAA

Dawa yake kubwa ni mboji na samadi iliyooza. Inapooza hutoa uchachu mdogo mdogo unaosaidia kufungua chuma kilichofungwa. Tia debe moja la mboji kwa kila mita ya mraba, uchanganye. Funika udongo kwa majani makavu. Inua tuta, au panda katika viroba na mabeseni mabovu yaliyotobolewa chini. Ukiweza, kinga maji ya mvua uyatumie kumwagilia.

Wako watu wanaofukia misumari yenye kutu ili kuongeza chuma. Haisaidii. Kutu nayo hufungika katika chokaa kama chuma kingine. Usimwage maji ya betri hata kidogo. Yanaunguza ngozi na yana risasi, ambayo ni sumu kwa watoto.

Chagua pia mimea inayozoea mawe. Wakulima wa uwandani wamelima mtama, kunde na pilipili tangu zamani. Majani ya kunde yanafaa kabisa kwa mama mjamzito.

CHOKAA NI MOTO

Chokaa yetu hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe katika tanuri. Ikitoka tanurini kabla ya kuzimwa, ikiguswa na maji huchemka. Hata iliyozimwa huunguza macho na ngozi. Kwa bustani usitumie kabisa isiyozimwa. Iweke mbali na watoto. Unapoimwaga, simama upande unakotoka upepo, na ufunike pua na mikono.

Ikimwingia mtu jichoni, fanya hivi. Kwanza pangusa unga mkavu usoni. Fungua kope. Mimina maji safi polepole, moja kwa moja, kwa muda usiopungua nusu saa. Kisha mpeleke hospitali haraka, na njiani endelea kuosha. Usitie ndimu wala siki jichoni kwa kufikiri kuwa vitaiua chokaa. Jicho si tuta. Usitie mafuta wala maziwa. Ni maji tu.

MBOGA PEKE YAKE HAZITOSHI

Ndugu msomaji, mboga ni chakula. Si badala ya matibabu. Mama mjamzito aendelee na vidonge vya kuongeza damu kama alivyoelekezwa kliniki. Ameze kwa maji, asimeze kwa chai. Dagaa, samaki, maini na nyama, hata kidogo, huongeza chuma kuliko mboga peke yake. Chai ingoje saa moja au mbili baada ya chakula.

Damu hupunguzwa pia na malaria na safura. Minyoo ya safura huingia kwa kupenya ngozi ya miguu. Kwa hiyo vaa viatu bustanini. Tumia choo. Usitie kinyesi cha binadamu katika bustani. Osha mboga kwa maji safi kabla ya kupika.

MWISHO WA HABARI

Yule mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, na wewe umejifunza." Tulichimba lile tuta pamoja, yeye, mumewe, mimi na bwana shamba. Tuliondoa udongo wenye chokaa tuliyotia. Tukajaza samadi ya mbuzi iliyooza na majani. Mwezi uliofuata mchicha uliota wa kijani. Mama akaendelea na vidonge vyake, na mchicha akaukamulia ndimu. Alijifungua salama mtoto wa kike.

Siku hizi, kabla sijamwambia mtu apande nini, humuuliza kwanza: "Udongo wako ni wa namna gani?" Mganga asiyeuliza huumiza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Udongo wa kijiji chenu unaitwaje? Je, siki inatoa povu?
2. Kwa nini dawa ya udongo wa magharibi ya Unguja iliharibu bustani ya mashariki?
3. Nyumbani kwenu chai hunywewa wakati gani? Mnaweza kubadilisha nini?
4. Utafanya nini chokaa ikimwingia mtoto jichoni?

Someni kwa pamoja. Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Kisha nendeni bustanini mkapime.